Namna ya Kuutambua Uigizaji Bora Uliopitwa na Tuzo Kubwa

Katika filamu ya Us, iliyotoka Machi 2019, Lupita Nyong'o aliigiza wahusika wawili: Adelaide, mama wa watoto wawili aliyekwenda mapumzikoni na familia yake katika pwani ya California, na Red, mwanamke anayefanana naye kwa kila kitu, anayemvamia usiku akiwa na mkasi mkononi na sauti iliyokwaruza kana kwamba haijatumika kwa miaka mingi. Chama cha Wahakiki wa Filamu cha New York kilimchagua kuwa mwigizaji bora wa kike wa mwaka huo. Hata hivyo, orodha ya walioteuliwa kuwania Oscar ilipotangazwa Januari 2020, jina lake halikuwamo. Kati ya wanawake watano walioteuliwa, watatu walikuwa wameigiza watu walioishi kweli, na aliyeshinda, Renée Zellweger, alikuwa ameigiza maisha ya mwimbaji Judy Garland.

Mwongozo huu haukusudii kuwashusha hadhi walioshinda. Unakusudia kumsaidia mtazamaji wa filamu kuuona uigizaji mkubwa kwa macho yake mwenyewe, hasa ule ambao tuzo hazikuugusa, na kuweza kueleza kwa nini ni mkubwa. Nitapendekeza mazoezi kadhaa, lakini nakiri mapema kwamba nalithamini moja kuliko mengine yote: kumwangalia mwigizaji anayesikiliza badala ya yule anayesema. Tuzo hupenda hotuba, vilio na mabadiliko ya sura, na kwa sababu hiyo hazina bora iliyoachwa nyuma imejaa watu walionyamaza. Kwa kuwa baadhi ya mifano italazimika kugusa mambo yanayotokea katikati ya filamu, msomaji asiyependa kujua kisa kabla ya kukitazama aanze na filamu yenyewe.

Fahamu kwanza tuzo inapima nini

Tuzo za Oscar zilianza kutolewa mwaka 1929, na za waigizaji wasaidizi zikaongezwa kwa filamu za mwaka 1936. Leo kuna makundi manne ya uigizaji yenye wateule watano kila moja, yaani nafasi 20 kwa filamu za dunia nzima. Wateule huchaguliwa na wanachama wa Akademia, yaani taasisi inayotoa tuzo hizo, walio waigizaji, kisha wanachama wa matawi yote humpigia kura mshindi. Ili mwigizaji afikiriwe, filamu yake sharti iwe imeonyeshwa katika jumba la sinema la Marekani kwa muda uliowekwa. Sharti hilo peke yake linawaacha nje waigizaji wengi wa Afrika Mashariki, haidhuru wamefanya nini mbele ya kamera.

Ukishajua hayo, angalia mielekeo ya wapigakura, kwa maana kila mwelekeo unakuonyesha mahali pa kutafuta waliosahauliwa. Mwelekeo ulio wazi zaidi ni kupenda watu halisi. Washindi wa mwigizaji bora wa kiume kwa filamu za 2004, 2005 na 2006 walikuwa Jamie Foxx aliyeigiza Ray Charles, Philip Seymour Hoffman aliyeigiza Truman Capote na Forest Whitaker aliyeigiza Idi Amin. Upande wa wanawake, washindi wa 2005, 2006 na 2007 walikuwa Reese Witherspoon aliyeigiza June Carter, Helen Mirren aliyeigiza Malkia Elizabeth wa Pili na Marion Cotillard aliyeigiza Édith Piaf. Wote walifanya kazi nzuri, na sababu ya mwelekeo huo haihitaji kutafutwa mbali: mtu aliyewahi kuishi huacha picha na sauti ambazo mpigakura anaweza kuzilinganisha na anachokiona, ilhali mhusika wa kubuni hana kipimo cha nje. Mwigizaji wa mhusika wa kubuni hulazimika kumuumba mtu na wakati huohuo kutushawishi kwamba mtu huyo asingeweza kuwa vinginevyo, na kazi hiyo ikifanyika barabara haionekani kama kazi.

Mwelekeo wa pili ni kumbukumbu fupi. Us ilitoka Machi. Hereditary, ambamo Toni Collette na Alex Wolff walifanya mambo nitakayoyaeleza hapa chini, ilitoka Juni 2018. Da 5 Bloods ya Spike Lee, iliyompatia Delroy Lindo tuzo ya wahakiki wa New York, ilitoka Juni 2020. Wote hao hawakuteuliwa. Filamu zinazotengenezewa kampeni za tuzo mara nyingi huwekwa miezi ya mwisho wa mwaka, na zilizotoka mapema hupambana na usahaulifu.

Mwelekeo wa tatu ni kudharau aina fulani za filamu, hasa za kutisha na za kuchekesha. Shelley Duvall aliigiza hofu isiyo na mahali pa kukimbilia katika The Shining ya mwaka 1980. Hakuteuliwa kuwania Oscar, bali aliteuliwa kuwania Razzie, tuzo ya kejeli inayotolewa kwa walioonekana kuboronga. Waandaaji wa tuzo hiyo waliufuta uteuzi huo mwaka 2022, miaka 42 baada ya filamu kutoka. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba maoni ya msimu mmoja hayawezi kuwa hukumu ya mwisho.

Chagua filamu ambamo pengo linaonekana

Usianze kwa kutazama ovyo. Anza na filamu ambazo pengo lake la tuzo ni dhahiri, ili jicho lako liwe na kitu cha kuhoji.

Aina ya kwanza ni filamu iliyosifiwa kwa kila kitu isipokuwa watu waliomo. The Last Emperor ilishinda Oscar 9, The Lord of the Rings: The Return of the King ikashinda 11, Slumdog Millionaire ikashinda 8, na Parasite ya Korea Kusini ikashinda 4, ikiwamo ya filamu bora. Katika zote nne hakuna mwigizaji hata mmoja aliyeteuliwa. Jiulize inawezekanaje filamu ikawa bora kuliko zote za mwaka wake huku wanaoibeba kwa nyuso na miili yao wakiwa hawana chochote cha kutajwa. Katika Parasite, mtazame Song Kang-ho, anayeigiza baba wa familia maskini, akiwa amelala chini ya meza na watoto wake wakati matajiri wanaomwajiri wanazungumza juu yake kuhusu harufu ya mwili wake. Hawezi kujitetea wala kujitikisa, na watoto wake wanasikia kila neno. Jambo analolifanya mwishoni mwa filamu linaanzia pale chini ya meza, na mwigizaji analipanda bila kusema neno.

Aina ya pili ni filamu ambamo mmoja alituzwa na mwenzake akaachwa. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki, The Last King of Scotland ya mwaka 2006 ndiyo shule nzuri kuliko zote, kwa kuwa ilipigwa picha Uganda na mazingira yake hayatutishi wala kutushangaza. Whitaker, aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi hiyo, alishinda kwa haki. Lakini kisa chote tunakifuata kupitia kwa daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, aliyeigizwa na James McAvoy, ambaye hakuteuliwa kuwania Oscar. Tazama tena onyesho la wawili hao wanapokutana barabarani: Amin ameumia mkono baada ya gari kugonga ng'ombe, mnyama analia kwa maumivu, na daktari ananyakua bastola ya Amin na kumpiga risasi ng'ombe huyo. Kisha Amin anavua shati lake la kijeshi na kulibadilisha na fulana ya Scotland aliyovaa kijana. Mara ya kwanza sote humwangalia Amin. Mara ya pili mwangalie McAvoy peke yake, uone jinsi woga, mshangao na furaha ya kusifiwa na mkubwa vinavyopishana usoni mwake kwa muda mfupi. Bila uso huo tusingeelewa kamwe jinsi mtu mwenye akili zake anavyoweza kuvutwa na mtawala wa namna ile.

Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, ina pengo kama hilo. Janet Leigh aliteuliwa. Anthony Perkins, ambaye filamu nzima inasimama juu ya utulivu wake wa kutia shaka, hakuteuliwa.

Tazama zaidi ya mara moja, na kila mara kwa kazi tofauti

Mara ya kwanza tazama filamu nzima kwa ajili ya kisa, bila kuandika chochote. Anayetafuta dosari na sifa tangu dakika ya kwanza huwa haguswi, na mtu asiyeguswa hawezi kuupima uigizaji.

Mara ya pili chagua mwigizaji mmoja na usimwache hata kidogo. Akiwa pembeni mwa picha, mfuate huko pembeni. Akiwa ameipa kamera mgongo, soma mgongo wake. Hapo ndipo Us inapojifunua, kwani sehemu ya mwanzo ya filamu hiyo inabadilika maana yote kwa anayejua mwisho wake. Katika gari, Adelaide anamfundisha mwanawe kufuata mdundo wa wimbo kwa kualisha vidole, na vidole vyake mwenyewe havifuati mdundo. Ufukweni anamwambia rafiki yake kwamba kuzungumza tu humwia vigumu. Mtazamaji wa mara ya kwanza huona mama mwenye wasiwasi. Wa mara ya pili huona kwamba Nyong'o alikuwa ameshika siri ya mhusika wake katika kila kiungo cha mwili tangu mwanzo, bila kuivujisha.

Mara ya tatu, ikiwa filamu inastahili muda huo, rudi kwenye maonyesho mawili au matatu uliyoyapenda na uyatazame bila sauti. Muziki ukiondoka na maneno yakiondoka, hubaki macho, mabega, mikono na mwendo. Kisha geuza zoezi: funga macho usikilize sauti tu. Red wa Nyong'o anaogopesha hata gizani, na sauti ya Adelaide katika filamu hiyohiyo haina hata chembe ya ile ya Red.

Hapa inafaa kusema jambo moja kuhusu desturi yetu ya kutazama. Wengi wetu tulikulia katika vibanda umiza na majumba ya video ambamo filamu za nje hutolewa pamoja na msimulizi, kuanzia Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya hadi VJ Jingo wa Uganda. Usimulizi huo ni sanaa yenyewe na una heshima yake, lakini huifunika sauti ya mwigizaji, ambayo ni nusu ya kazi yake. Kwa zoezi hili tafuta nakala yenye sauti asilia na tafsiri ya maandishi chini ya picha. Wakati huohuo, usione haya kwa kulelewa hivyo: mtoto aliyekuwa akifuatilia kisa katika lugha asiyoielewa, huku akimtambua staringi na adui kwa nyuso zao tu, tayari ana mafunzo ya kusoma nyuso ambayo mtazamaji wa kwingine huenda hakuyapata.

Mwangalie anayesikiliza

Sasa nafika kwenye zoezi ninalolithamini kuliko yote. Katika kila mazungumzo, mwandishi wa mswada amempa anayesema maneno. Anayesikiliza hakupewa kitu. Akionekana kuwa na mtu ndani yake, ni kwa sababu mwigizaji amemweka. Kwa hiyo ukitaka kujua ukubwa wa mwigizaji, tafuta nyakati ambazo hana la kusema.

Us inatupa mfano wa pekee, kwa maana mwigizaji yuleyule yuko pande zote mbili. Red anapoketi sebuleni na kusimulia hadithi ya msichana na kivuli chake, Adelaide ameketi na familia yake na anasikiliza. Tazama onyesho hilo mara moja kwa ajili ya msimulizi, ambaye kila neno linamtoka kwa taabu. Kisha litazame kwa ajili ya msikilizaji: haonekani kama mtu anayesikia jambo geni kabisa. Kuna hofu, lakini ndani ya hofu kuna kutambua. Nyong'o aliyapiga matukio hayo kwa nyakati tofauti, akimjibu mtu ambaye ni yeye mwenyewe, na mtazamaji haoni mahali pa kuunganisha.

Katika Hereditary, watu wengi humkumbuka Toni Collette akimfokea mwanawe mezani wakati wa chakula cha jioni, na kweli ni uigizaji wa kutetemesha. Mimi ningekuelekeza kwa Alex Wolff, mwana anayefokewa. Baada ya ajali ya gari inayoibomoa familia hiyo, kamera inakaa usoni mwake muda mrefu. Hageuki nyuma kutazama, hapigi kelele, anaendesha gari hadi nyumbani na kujilaza. Asubuhi tunasikia kilio cha mama aliyegundua kilichotokea, lakini hatumwoni mama. Tunaendelea kuuona uso wa kijana anayesikia. Kilio ni cha Collette na uso ni wa Wolff, na onyesho hilo haliwezi kugawanywa kati yao. Hakuna kundi la tuzo linalojua la kufanya na kazi ya namna hiyo.

Marianne Jean-Baptiste katika Hard Truths ya Mike Leigh, ya mwaka 2024, anaonekana kupinga ninachosema, kwani Pansy, mwanamke anayemwigiza, anasema bila kukoma: anamgombeza mume, mwana, daktari, wauzaji na wapita njia. Alichaguliwa na wahakiki wa New York, wa Los Angeles na wa Chama cha Kitaifa cha Wahakiki wa Filamu cha Marekani, kisha Akademia haikumteua. Lakini hata huyu, ufunguo wake uko pale maneno yanapomwishia. Anapoambiwa kwamba mwanawe amemnunulia maua, anaanza kucheka, kicheko kinashindwa kubaki kicheko, na ukali wote wa saa iliyotangulia unaonekana kuwa ulikuwa maumivu. Ukifika hapo, usisahau kumwangalia Michele Austin anayeigiza dada yake. Subira ya dada huyo ndiyo inayotuwezesha kumvumilia Pansy kwa filamu nzima, na yeye pia alipitwa.

Mfano wa ndani zaidi wa ukimya uko Tanzania. Maangamizi: The Ancient One, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyopelekwa na Tanzania kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 2001, ina Amandina Lihamba katika nafasi ya Samehe, mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ambaye hajasema neno kwa miaka mingi. Mwigizaji wa jukwaani wa kiwango cha Lihamba ana sauti ya kujaza ukumbi. Kumnyang'anya sauti hiyo na kumwachia macho na pumzi ni mtihani mkubwa, na filamu hiyo inastahili kutazamwa kwa ajili hiyo pekee.

Tenga kazi ya mwigizaji na kazi ya wengine

Kabla ya kusifu, hakikisha unamsifu anayehusika. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Lev Kuleshov wa Urusi alichukua picha ileile ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine na kuiunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa katika uso ambao haukubadilika. Uhariri unaweza kumpa mwigizaji hisia ambazo hakuwa nazo, na muziki vilevile.

Njia nyepesi ya kujilinda ni kutafuta picha ndefu zisizokatwa, ambamo mhariri hana nafasi ya kumsaidia mtu. Delroy Lindo katika Da 5 Bloods anaigiza Paul, mkongwe wa vita vya Vietnam anayerejea huko uzeeni. Kuna mahali anapotembea peke yake msituni huku akizungumza moja kwa moja na kamera, akipita katika hasira, kiburi na majeraha ya zamani. Hana mwenzake wa kumjibu wala mkato wa kumficha. Akikosea kidogo tu, tutaona hotuba. Hakosei, na tunaona akili ya mtu inayovunjika.

Njia nyingine ni kulinganisha kazi tofauti za mtu mmoja. Baada ya Us, mtazame Nyong'o katika Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyopigwa Katwe yenyewe jijini Kampala, akiwa Harriet, mama wa mchezaji wa sataranji Phiona Mutesi. Tembea ya Harriet, jinsi anavyobeba mzigo na jinsi anavyomtazama mwanawe akiingia katika ulimwengu asioujua yeye mwenyewe havifanani na cho chote alichokifanya katika Us au katika 12 Years a Slave iliyompatia Oscar. Ukiwa hapo, mwangalie pia Madina Nalwanga, binti wa Uganda ambaye hakuwa ameigiza filamu kabla ya hapo na ambaye anasimama mbele ya Nyong'o na David Oyelowo bila kumezwa.

Tafuta na karibu na nyumbani

Itakuwa ajabu ukijizoeza jicho hili kisha usilitumie kwa filamu za lugha yako. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar, na Joseph Wairimu aliyeigiza Mwas alituzwa mwigizaji bora katika Tamasha la Filamu la Durban mwaka huohuo. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD kwa kuigiza filamu mbele ya wateja, anayekwenda Nairobi kutafuta nafasi ya uigizaji na kuangukia mikononi mwa wezi. Wairimu anaigiza mtu anayejua kuigiza, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika: lazima uone tofauti kati ya Mwas anapojionyesha kwa wateja, anapojifanya jasiri mbele ya genge na anapokuwa jukwaani akijitahidi kusema ukweli. Katika filamu hiyohiyo usimwache Olwenya Maina, aliyeigiza Oti, kiongozi wa genge, kwa ukali ambao chini yake kuna upole unaochungulia mara chache.

Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, Stycie Waweru anaigiza Jo, mtoto wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Watoto husifiwa kwa kuwa wa asili, na sifa hiyo mara nyingi ni njia ya kukataa kwamba wameigiza. Jo anajua zaidi kuliko watu wazima wanavyodhani, na Waweru anautunza ujuzi huo nyuma ya tabasamu lake. Marianne Nungo, aliyeigiza mama yake, ana kazi nyingine ngumu: ndiye anayekataa mchezo wa kujifanya ambao kijiji kizima kinaufurahia, na angeweza kuonekana katili. Haonekani hivyo hata mara moja.

Msomaji wa riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ana faida ya pekee akitazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Katika riwaya msimulizi hutueleza yaliyo moyoni mwa Yasmin; katika filamu Ikhlas Gafur Vora hana msimulizi, na inabidi uso wake uyafanye yaliyofanywa na kurasa. Soma sura moja, kisha tazama onyesho linalolingana nayo. Ongeza The First Grader ya mwaka 2010, ambamo Oliver Litondo anaigiza Kimani Maruge, mzee aliyejiunga na shule ya msingi akiwa na umri wa miaka 84.

Pa kupata majina mengine, fuatilia orodha za wahakiki na za matamasha kuliko za Oscar: ZIFF ya Zanzibar iliyoanza mwaka 1998, FESPACO ya Ouagadougou, Durban, Carthage na Kalasha ya Kenya. Hata tuzo za Chama cha Waigizaji wa Marekani hutofautiana na Oscar: Idris Elba alishinda ya kwao kwa Beasts of No Nation, filamu ya mwaka 2015 iliyopigwa Ghana, ilhali Akademia haikumteua katika mwaka ambao wateule wake wote 20 wa uigizaji walikuwa Wazungu.

Andika ulichokiona

Ukishampata mwigizaji unayeamini kwamba alipitwa, andika. Usiandike kwamba "ameuvaa uhusika", kwa sababu maneno hayo yanaweza kusemwa juu ya yeyote na hayamsaidii msomaji kuona. Andika dakika, tendo na matokeo yake: katika dakika fulani alisita kabla ya kushika kitasa, na kwa kusita huko tulijua kwamba ameshafahamu aliyemo ndani. Msomaji anaweza kwenda dakika hiyo akahakiki, na hapo hoja yako inasimama bila kukutegemea wewe. Usiijenge kwa kumtukana aliyeshinda. Mwelekeze msomaji kwenye kazi, wala usipoteze aya ukilaumu majaji.

Kwa filamu zetu ongeza wajibu mmoja zaidi. Majina ya waigizaji wadogo wa filamu nyingi za Kiswahili hayapatikani kwa urahisi popote isipokuwa katika orodha ya majina mwishoni mwa filamu yenyewe, na orodha hiyo hupita haraka. Isimamishe, nakili jina la mwigizaji na la mhusika kama yalivyoandikwa, pamoja na jina la mwongozaji na mwaka, kisha uyaweke mwanzoni mwa andiko lako. Aliyeigiza jirani, muuza genge au askari wa zamu kwa dakika mbili na kukufanya umkumbuke wiki nzima anastahili kutajwa kwa jina lake kamili.